Kutoka Paa la Kariakoo hadi Miezi ya Barafu



Usiku, taa za maduka ya Mtaa wa Msimbazi humeza karibu nyota zote. Sayari ya Mshtarii haimezwi. Msimu wake ukifika, panda juu ya ghorofa lolote hapa Kariakoo utaiona imetulia, haimetimeti. Ukiwa na darubini ndogo ya kushika mkononi utaona na vitone vya mwanga kandoni mwake, hadi vinne: miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Nimeanzia paani kwa sababu mwanasayansi ninayetaka tumjadili alianzia nyumbani kwao. Michele Dougherty alizaliwa Afrika Kusini. Alipokuwa na miaka 10 baba yake alijenga darubini, na yeye na dada yake wakasaidia kukoroga zege la msingi wake. Kwa darubini hiyo aliiona miezi ya Mshtarii. Sekondari aliyosoma haikufundisha sayansi; Chuo Kikuu cha Natal kilimpokea kwa sababu ya hisabati yake, na mwanzoni masomo yalikuwa kwake kama lugha ngeni. Walimu wenzangu wa sayansi, naomba tulikumbuke hilo kila tunapomwambia mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba sayansi si yake.

Mwaka 2005 chombo cha Cassini kilikuwa kikiizunguka sayari ya Zohali, na timu ya Dougherty ndiyo iliyosimamia kipimausumaku chake. Cassini kilipopita jirani na Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi, kama safari ya basi kutoka hapa hadi Iringa, uga wa sumaku wa sayari hiyo ulionekana kupinda, kana kwamba kuna kitu kinauzuia. Ilikuwa kama mwezi una hewa, na mwezi mdogo namna hiyo haukutarajiwa kuwa nayo. Dougherty akaomba chombo kisogezwe karibu zaidi, kisha akasubiri data roho mkononi, maana angekosea, nani angemwamini tena? Julai mwaka huo kikapita kilomita 173 tu juu yake, pungufu ya mwendo wa kutoka hapa hadi Morogoro. Mvuke wa maji ulikuwa ukifoka kutoka kwenye nyufa za barafu kwenye ncha ya kusini. Leo tunajua kuwa chini ya barafu hiyo kuna bahari.

Kazi hii inataka subira. Chombo cha Juice kilirushwa Aprili 2023 kikiwa na kipimausumaku kilichojengwa chini ya uongozi wa Dougherty. Kitafika Mshtarii mwaka 2031, na mwishoni mwa 2034 kitaanza kuizunguka Ganymede, mwezi wa Mshtarii uliozidi hata sayari ya Utaridi kwa ukubwa. Mtoto wa miaka 10 anayemsaidia mama yake dukani Mtaa wa Kongo leo, wakati huo atakuwa na umri wa kuingia chuo kikuu.

Ombi langu ni dogo. Kila shule itafute darubini moja, hata ya kuazima. Wanafunzi wapande paani pamoja na wazazi siku nne mfululizo baada ya magharibi, wachore daftarini kila mwezi wa Mshtarii ulipo. Siku ya pili au ya tatu mmoja wao atauliza mwezi wa nne umekwenda wapi. Tusimjibu. Tumpe darubini aangalie tena kesho yake.