Mustikere bila kamba



Tulifika Nyabiondo na mustikere, tukafikiri kazi imeisha. Kurudia nyumba kwa nyumba, tukazikuta zingali ndani ya mifuko yake. Mama mmoja akatuuliza, "Mwanangu, nitaifunga wapi? Tunalala watu saba chini ya shitingi." Kweli, hatukuwa tumeuliza mtu yeyote.

Zanzibar wanatufundisha. Katika miaka ya 1960 walipuliza DDT ndani ya nyumba, malaria ikapungua sana. Mwaka 1968 kazi ikasimamishwa, na malaria ikarudi. Walipoanza tena miaka ya 2000, hawakutegemea dawa tu: baadaye mpaka sheha, ni kama shefu wa kijiji huku kwetu, alipewa kazi ya kuandikia watu kuponi za mustikere. Yeye anajua nani amehamia, nani amezaa.

Basi sasa tunakaa kwanza na mashefu, mareko na wamama. Tunaandika hata waliorudi juzi, wasio na nyumba bado. Wamama wametuomba kamba, misumari na miti ya kusimamisha. Hivyo havikuwa ndani ya bajeti. Wafadhili, ndivyo tunavyowaomba leo, mbele mvua haijaanza.