Uongozi wa Mtu Anayeweza Kuondoka

Mihadhara ya fani ya biashara imezoea kumbi za Dar es Salaam, ambako wanaosikiliza ni walewale wanaofundisha. Huu nimeomba utolewe Ujiji. Swali kubwa la fani yangu lilijibiwa hapa kabla fani yenyewe haijazaliwa, na linaendelea kujibiwa katika Ziwa Tanganyika kila giza linapoingia. Swali lenyewe ni hili: kwa nini mtu afanye kazi vizuri ikiwa humwoni na huna uwezo wa kumlazimisha?

Mwanafunzi anayeingia shahada ya uzamili ya biashara hukutana mapema na somo la kusimamia watu na tabia zao kazini. Atasomeshwa Frederick Taylor, aliyechapisha kitabu chake cha usimamizi wa kisayansi mwaka 1911 baada ya miaka ya kupima kazi za vibarua kwa saa. Atasomeshwa pia Elton Mayo na utafiti uliofanywa kati ya 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago. Huko iligundulika kwamba wafanyakazi wa chumba kimoja walikuwa na kipimo chao cha kazi ya siku, na mwenzao aliyekipita walimrudisha kwenye mstari wao wenyewe.

Sina ugomvi na wataalamu hao, nitaendelea kuwafundisha. Lakini angalieni wanapoanzia. Wanaanzia kwenye jengo lenye kuta, lango na kengele, na mtu ambaye akitoka langoni, nje wapo wengine wanaoisubiri nafasi yake. Elimu iliyojengwa juu ya mtu huyo inajua mengi kuhusu kumsukuma na kumbembeleza, na machache sana kuhusu kupatana naye.

Sasa twendeni kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi hapa Ujiji. Siwezi kuitaja njia hiyo katika mji huu nikapita kimya mbele ya utumwa. Watu walivushwa ziwa hili kwa nguvu, wakatembezwa wamefungwa hadi pwani, na wapo walionyamaza milele njiani. Hilo si somo la usimamizi, ni dhuluma, na anayetaka kulifanya mfano wa ufanisi asitafute msaada kwangu. Lakini kwenye njia hiyohiyo walipita maelfu ya wapagazi waungwana, Wanyamwezi wakiwa wengi wao, walioingia kazini kwa ujira. Mpagazi wa namna hii alipatana malipo kabla ya kuondoka na kuchukua sehemu yake mkononi. Alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na kila siku alidai posho. Mbele alitangulia kirangozi, wanyapara wakaangalia vikosi, na jioni watu walikula kwa makundi yao, kila kundi na chungu chake.

Posho ikipunguzwa, au fimbo ikizidi, mpagazi hakuandika barua. Usiku uliingia, asubuhi mzigo ukakutwa peke yake. Soma kumbukumbu za wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 utaona malalamiko hayo ukurasa baada ya ukurasa: watu wamekimbia. Wao waliandika kwamba ni uvivu na usaliti. Mimi nikizisoma naona soko la kazi ambamo mfanyakazi ana nguvu, na kiongozi asiyejua kuitumikia nguvu hiyo anabaki porini na marobota yake. Henry Morton Stanley alitumia kiboko na minyororo dhidi ya waliotoroka, na bado mwaka 1871, alipokuwa ameshaipita Tabora akielekea huku, alikabiliwa na uasi wa watu wake wenye bunduki. Dunia nzima inakumbuka alivyomkuta Livingstone Ujiji. Mwanafunzi wangu nataka awatazame waliosimama nyuma yake, mizigo mabegani, na aulize kila mmoja wao aliamuaje kufika.

Kisa kinachonishika zaidi ni cha miaka miwili baadaye. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Mwajiri amekufa, pwani iko mbali mno, hakuna wa kuwalipa wapagazi wake wala wa kuwaadhibu. Kwa kanuni ya kiwanda, kazi imekwisha pale. Wale watu, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikaa wakashauriana, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba pamoja na maandishi yake hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Njiani, karibu na Tabora, walikutana na Luteni Cameron wa Uingereza, aliyewashauri wauzike mwili hapohapo. Walikataa. Watu wa ujira, mbele ya ofisa wa taifa la marehemu, walisema hapana, wakaendelea na safari.

Wengi wamelieleza hilo kuwa ni utiifu wa mtumishi kwa bwana wake. Maelezo hayo hayanitoshi. Wengi katika kundi lile walikuwa wameajiriwa pwani mwaka 1872 tu. Mtumishi mtiifu angelimtii Cameron. Ninachokiona ni kundi lililoijadili kazi likaifanya kuwa yake, na lilipofikia hapo halikuhitaji msimamizi. Chuma aliendelea kuwa kiongozi wa misafara. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wapagazi wa safari ya Keith Johnston, na Johnston alipofariki mwanzoni kabisa, safari ikabaki mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Ilifika Ziwa Tanganyika mwaka uleule. Nani alikuwa akimwongoza nani, jibuni wenyewe.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, upagazi wa njia ile ulikwisha. Kazi ikahamia kwenye stesheni, bandari, mashamba na ofisi, na hapo kuondoka kukawa na gharama kubwa kwa anayeondoka kuliko kwa anayeachwa.

Mwaka 1970 mchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu kuhusu njia mbili za mtu asiyeridhika: kuondoka, au kubaki na kusema. Alianza kuliwaza jambo hilo alipoona reli ya Nijeria inavyozidi kudorora wakati wateja wake wanahamia kwenye malori. Waliokereka zaidi waliondoka, kwa hiyo hakubaki mtu wa kupaza sauti. Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, TANU ilitoa Mwongozo wa 1971, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliisoma. Kati ya 1971 na 1973 waligoma katika viwanda kadhaa, na mara nyingi hoja yao haikuwa mshahara bali namna meneja alivyowasemesha. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, walimfungia tajiri nje wakaendesha uzalishaji wenyewe. Ni miongoni mwa visa vizito zaidi vya tabia za watu kazini vilivyotokea nchini mwetu, na nasikitika kwamba mwanafunzi anaweza kuhitimu akijua habari za Hawthorne bila kuwahi kukisikia.

Wapagazi waliondoka, wafanyakazi wa viwanda walisema. Wavuvi wa ziwa hili wanafanya yote mawili, na ndiyo maana nimekuja kwao.

Kipe kinatoka jioni. Mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, wavu katikati, taa zinawaka kuwavuta dagaa na migebuka nyuma yao. Mwenye chombo mara nyingi amelala nyumbani. Hawezi kujua kama wavu umeshushwa mapema au umechelewa, kama nahodha amehama alipoona maji hayana kitu au ameamua kusinzia, wala kama samaki wote wamefika mwaloni Kibirizi. Badala ya msimamizi ana mgawo: gharama za mafuta na chakula zinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa baina yake na wavuvi. Usiku ukiwa mbaya, wote wanaumia. Anayezembea anamnyang'anya mwenzake aliyeshika kamba naye, na mwenzake yuko hapohapo, anamwona.

Kisha mwezi unajaa, taa zinakosa nguvu, vyombo vinapandishwa, nyavu zinashonwa. Huo ndio wakati wa kusema. Hesabu zinapigwa, gharama zinahojiwa: mafuta haya mbona mengi? Asiyeridhika, kipindi kijacho cha giza anaonekana kwenye chombo kingine, na mwenye chombo aliyezoea kuficha gharama atawakosa mahodari, atabaki na wanaojifunza. Kila mwezi wa mbinguni uhusiano wa kazi unajadiliwa upya. Kampuni ngapi kubwa zinathubutu hivyo?

Sisemi mpangilio huu hauna maumivu. Mvuvi aliyekopa kwa tajiri wake haondoki kirahisi, deni linamshika. Anayezama au kuumia mara nyingi hana bima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe masharti yake kwa maandishi, lakini ziwani masharti ni ya mdomo. Na ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15, 2024, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane, mtu wa mgawo hakuwa na mgawo. Mwajiriwa wa ofisi shirika likisimama bado anadai mshahara. Mvuvi anadai kwa nani? Hilo ni swali la usimamizi wa watu, la hapa na la sasa, na hakuna kitabu kutoka ng'ambo kitakachotujibia.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vya biashara mambo haya. Tasnifu za uzamili zinazorudiarudia madodoso ya kuridhika na kazi katika benki na halmashauri zipungue. Mwanafunzi akae mwaloni giza zima na mbalamwezi yake, aandike hesabu ya chombo kimoja tangu lita ya kwanza ya mafuta hadi shilingi ya mwisho ya mgawo, na aandike nani alisema nini hesabu ilipopigwa. Aandike tasnifu yake kwa Kiswahili, ili nahodha aliyemhoji aweze kuisoma. Na siku ya utetezi wa tasnifu, nahodha huyo aitwe akae mezani pamoja na watahini, naye aulize maswali.