Majina Yasiyoandikwa: Habari za Misheni ya Karema

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika



Leo nitazungumza nanyi juu ya misheni ya Karema. Najua humu ndani wapo Wakatoliki, wapo Waislamu, wapo Walokole, na wapo wanaofuata mila za babu zetu. Msiwe na wasiwasi. Mimi sikuja kuhubiri. Kazi ya kuhubiri ina wenyewe. Mimi ni mtu wa elimu, nami nimekuja na swali moja tu: Misheni ya Karema ilijengwa na nani?

Najua mtasema, "Ilijengwa na mapadre." Haya, ngojeni kwanza. Tuifuate habari yenyewe tangu mwanzo, halafu tujibu.

Boma kando ya ziwa

Mwaka 1879 Mbelgiji mmoja, Kapteni Cambier, alifika Karema. Alitumwa na chama kilichoongozwa na Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji. Akajenga boma karibu na maji. Miaka ile ziwa lilikuwa limejaa sana. Baadaye maji yalishuka, ziwa likarudi nyuma, na boma likabaki mbali na ufuko.

Mwaka 1885 Wabelgiji walilikabidhi boma hilo kwa Wamisionari wa Afrika. Ndio wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Waliitwa hivyo kwa sababu ya kanzu zao nyeupe, wala si kwa sababu ya rangi ya ngozi zao. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 huko Algeria na Askofu Lavigerie, Mfaransa. Kundi lao la kwanza lilishuka pwani mwaka 1878, likatembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na wengine wakafika Ujiji mwaka 1879. Kutoka Bagamoyo mpaka huku kwetu ni zaidi ya kilometa 1,000. Hapakuwa na gari wala reli. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani. Basi hapo mwanzoni kabisa tunakutana na watu wasiotajwa: wapagazi. Bila wapagazi hakuna padre ambaye angeliona ziwa hili.

Lavigerie aliwapa watu wake kanuni tatu ambazo sisi watu wa elimu tunazipenda. Ya kwanza, wasikae chini ya watatu mahali pamoja, maana mtu peke yake huchoka na huharibikiwa. Ya pili, wajifunze lugha ya watu wanaoishi nao. Ya tatu, kila misheni iwe na daftari, na mambo yaliyotokea yaandikwe humo. Mvua imenyesha, iandikwe. Mgeni amekuja, iandikwe. Njaa imeingia, iandikwe. Wahenga wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzetu walilifanyia kazi neno hilo, sisi tukaliacha methali tu.

Watoto waliokombolewa

Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea ng'ambo zote mbili za ziwa. Mapadre walinunua watoto kutoka kwa wenye misafara, wakawalea misheni. Watoto hao walipokua, walioana wao kwa wao, wakapewa mashamba karibu na misheni. Ndivyo vijiji vya Kikristo vilivyoanza.

Tuseme ukweli wote, maana elimu ya nusu ni hatari. Kukombolewa kulikuwa jambo kubwa. Mtoto aliondolewa mnyororo shingoni. Lakini maisha ya misheni nayo yalikuwa na amri zake. Aliyekaa katika ardhi ya misheni alitii sheria za misheni na kufanya kazi za misheni. Padre alikuwa kama mtemi. Matofali yalifyatuliwa, miti ilikatwa, mawe yalibebwa. Kwa mikono ya nani? Kwa mikono ya watoto wale waliokombolewa, na ya Wabende, Wafipa na wengineo waliohamia pale. Kanisa kubwa la Karema halikuota kama uyoga.

Mganga kutoka Niger

Katika waliokombolewa yuko mmoja ambaye jina lake halikupotea. Aliitwa Adrian Atiman. Hakuzaliwa huku. Alizaliwa mbali sana, Afrika ya Magharibi, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu. Aliibwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko wamisionari wakamkomboa. Wakamsomesha. Wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga wa kizungu.

Mwaka 1888 alianza safari ya kuja huku, na mwaka 1889 alifika Karema. Alikuwa katekista na mganga pamoja. Aliwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, papa hapa Karema. Hesabuni wenyewe: 1956 toa 1889. Mnapata miaka 67! Aliwaona Wajerumani wakiingia na wakiondoka. Aliwakuta Waingereza wakitawala. Alifariki miaka mitano kabla ya Uhuru. Alioa huku, na mwanawe Yosefu akawa padre. Mjini Sumbawanga ipo hospitali yenye jina lake.

Sasa nawauliza: Kwa nini tunajua habari zote hizi za Atiman? Waliokombolewa walikuwa wengi. Kwa nini yeye ajulikane na wenzake wapotee?

Sababu moja ni kazi yake nzuri. Lakini iko ya pili. Atiman alijua kuandika, na aliandika maisha yake mwenyewe. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi alishika kalamu akasema, "Mimi ni fulani, nimetoka mahali fulani." Jamani, mnaliona jambo hilo? Aliyemwuza hakuna amjuaye leo. Aliyeuzwa anajulikana.

Misheni mpaka parokia

Tuendelee. Misheni moja ilizaa nyingine. Mapadre walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Aliyetaka kubatizwa alifundishwa miaka minne kabla ya kupata ubatizo. Mnadhani alifundishwa na padre miaka yote hiyo? Hapana. Alifundishwa na katekista.

Hapa nieleze kidogo kwa ajili ya wale ambao si Wakatoliki. Jimbo linaongozwa na askofu. Jimbo limegawanyika katika parokia. Parokia inaongozwa na paroko. Parokia ina vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini. Kigango kina jumuiya ndogondogo za nyumba kwa nyumba. Paroko hawezi kufika kila kigango kila Jumapili. Siku asipofika, anayeongoza sala ni katekista. Anayefundisha watoto ni katekista. Anayezika ni katekista. Wengi wao hawakuwa na mshahara wa maana. Waliishi kwa jembe kama sisi.

Na tena, katekista ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa kisomo katika vijiji vingi. Chini ya mti au katika banda la nyasi, alifundisha sala, kisha akafundisha a, e, i, o, u. Mimi nilipita chuo cha ualimu, nikapewa cheti. Lakini kazi ninayoifanya, wazee hao waliianza kabla baba yangu hajazaliwa.

Wanawake pia msiwasahau. Mwaka 1907, papo hapo Karema, ilianzishwa jumuiya ya masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Ni miongoni mwa mashirika ya kwanza ya masista Waafrika katika nchi yetu. Wakati ule binti kukataa kuolewa lilikuwa jambo la kuwagonganisha wazazi, wajomba na ukoo mzima. Nao walikwenda, wakafundisha na kuuguza.

Mambo yakabadilika. Mwaka 1953 Karema ikawa jimbo kamili. Mwaka 1958 akateuliwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wake, Karolo Msakila. Mwaka 1969 makao yakawa Sumbawanga na jimbo likaitwa Jimbo la Sumbawanga. Mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda, na Karema leo iko huko. Paroko wa leo si mgeni wa kutoka Ulaya. Ni mtoto wa watu kama ninyi.

Basi nani aliijenga?

Turudi kwenye swali letu. Ukiingia katika vitabu, majina ya maaskofu na mapadre wa kwanza yapo. Askofu Lechaptois, aliyeongoza misheni za huku tangu mwaka 1891 hadi 1917, aliandika kitabu kizima juu ya nchi hii na watu wake. Kilitoka mwaka 1913. Alifanya kazi nzuri. Lakini kitabu kile ni cha Kifaransa! Habari za babu zenu zimeandikwa, ila wajukuu hawawezi kuzisoma. Na zimeandikwa kama mgeni alivyoziona.

Je, aliyefyatua tofali la ukuta wa kanisa anaitwa nani? Mama aliyewapikia mafundi anaitwa nani? Katekista wa kwanza wa kigango chenu anaitwa nani? Wapo wazee wanaojua. Lakini wazee wanaondoka. Mwaka huu tumezika, na mwakani tutazika. Kila tukizika, tunafukia na daftari ambalo halikuandikwa.

Ninyi mmejifunza kusoma na kuandika. Sasa kazi ni mbili.

Kazi ya kwanza: Someni kilichoandikwa juu yenu

Kila parokia ina kitabu cha ubatizo. Humo mna jina la mtu, majina ya wazazi, jina la msimamizi, tarehe, na jina la aliyebatiza. Ndoa ya Kanisa nayo huandikwa pembeni ya jina lake. Wengi wenu hamna cheti cha kuzaliwa. Mkienda kuandikisha kizazi kilichochelewa, cheti cha ubatizo ni moja ya karatasi zinazoweza kuwasaidia kuthibitisha. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayetafuta haki yake.

Mkienda kuomba, shikeni mambo haya:

1. Nendeni parokia ulikofanyika ubatizo, si parokia mnayosali sasa.
2. Mwe na majina ya wazazi na mwaka, hata kama ni wa kukisia.
3. Soma mwenyewe kabla ya kuondoka. Jina likikosewa herufi moja, sema pale pale kwa adabu.
4. Tarehe ya kuzaliwa si tarehe ya ubatizo. Zitazame zote mbili, usizichanganye. Kwa waliobatizwa wakiwa watu wazima, mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ulikisiwa tu.

Na kitabu kile ni mali ya parokia. Haruhusiwi mtu kuchana ukurasa wala kuandika humo. Kitabu cha wote kikiharibika, hasara ni ya wote.

Kazi ya pili: Andikeni kisichoandikwa

Nunueni daftari moja la kijiji. Chagueni watu watatu. Kumbukeni ile kanuni, wasipungue watatu! Waende kwa wazee, wawaulize juu ya misheni, kigango, msikiti, shule, kisima, zahanati. Nani alitoa kiwanja? Nani alibeba mawe? Nani alifundisha?

Andikeni jina la mzee anayesimulia, mahali, na tarehe ya siku hiyo. Andikeni wazi lipi aliliona kwa macho yake na lipi alisimuliwa. Wazee wawili wakipingana, msimchague mmoja na kumtupa mwingine. Andikeni maneno ya wote wawili. Mzee akisema habari ya aibu au ya uchungu, kwa mfano kwamba bibi yake alikuwa mtumwa, mwulizeni kwanza kama anataka iandikwe. Utumwa si aibu ya aliyeuzwa. Lakini siri ya nyumba ina mwenyewe.

Mwandiko wenu hauwi mzuri? Hakuna neno. Mtoto wa kutoka Niger naye alianza kwa kuumba herufi moja moja. Daftari lenye makosa ya herufi ni bora kuliko kichwa chenye habari zote kilicholala kaburini.

Nimemaliza kusema. Lakini kisomo hakiishi kwa mwalimu kusema. Sasa kaeni makundi makundi, mjibu maswali haya. Katibu wa kila kundi aandike majibu.

Maswali ya kujadili

1. Kanisa, msikiti au shule ya kwanza katika kijiji chetu ilijengwa mwaka gani? Tunajuaje?
2. Tajeni majina matatu ya watu waliofanya kazi hiyo. Mkishindwa, nani anaweza kuulizwa wiki hii?
3. Kwa nini habari za Adrian Atiman zilibaki na za wenzake wengi zikapotea?
4. Katika kundi lenu, wangapi hawana cheti cha kuzaliwa? Nani atawasindikiza parokiani au ofisini, na siku gani?
5. Daftari la kijiji litatunzwa wapi lisiliwe na mchwa?