Safari Hii Tunaomba Mifuko ya Saruji, Si Matofali

 

Sisi wa kamati ya fedha tumetakiwa tueleze kwa nini darasa la pili limeishia kwenye msingi. Mwaka jana tulinunua matofali yaliyokwisha kufyatuliwa kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Wakati wa kushusha mengi yalivunjika. Ukilisugua tofali kwa kidole, linamwaga mchanga. Saruji ilikuwa kidogo, na hayakumwagiliwa maji. Risiti tunazo, ukuta hatuna.

Pale Wazo Hill, Tegeta, ambako kiwanda cha Twiga kilianza kuzalisha mwaka 1966, mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, yakawa klinka, kisha husagwa na jasi kidogo. Unga huo haushiki kwa kukauka, unashika kwa kunywa maji. Tofali likianikwa juani bila maji siku za mwanzo, hiyo saruji mmeilipia bure.

Kwa hiyo tunaomba fedha za mifuko ya kilo 50. Tutainunua hukohuko nyumbani. Kuipakia lori kutoka Mbagala au Tegeta ni kulipa nauli ya mawe. Tutafyatua shuleni, kivulini, na wenzetu wa kijijini wamekubali kuchota mchanga na kumwagilia asubuhi na jioni, siku saba.

Walioahidi mwaka jana wasitoe, majina yao yamo daftarini. Leo hatutayasoma.