Heshima ya Kwetu Mbele ya Meza ya Usaili
Maneno ya kamati ya elimu na ajira katika mkutano wa mwaka



Mwenyekiti ametupa dakika chache, nasi tutazungumzia jambo moja tu: kijana wetu akiitwa kwenye usaili, afike, na akifika aonekane alivyo. Madarasa tumechangia, madawati tumechangia, na watoto wetu wanamaliza kidato cha sita, vyuo vya ufundi na vyuo vikuu. Lakini cheti peke yake hakimpi mtu kazi. Kati ya cheti na kazi ipo meza, na nyuma ya meza wamekaa watu ambao hawajui mtoto huyu ni wa nani wala katoka ukoo gani.

Tuanze na safari. Kazi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hutumwa kwa intaneti kupitia Ajira Portal, na majina ya walioitwa hutangazwa huko huko. Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe. Kwa kijana wa Kibaha hilo si jambo kubwa. Kijana wa Bweni aanze kwanza kufika Kilindoni. Wa Jibondo avuke maji mara mbili. Kisha kivuko hadi Nyamisati, kisha basi hadi Mbagala, na kama usaili ni Dodoma, safari nyingine nzima inamngoja. Kusi likikaza, ratiba ya chombo huvurugika, na usaili haumsubiri mtu. Kwa hiyo tunawashauri vijana: ondokeni kisiwani siku tatu kabla, msipange kufika asubuhi ya usaili.

La pili ni karatasi. Wapo wanaorudishwa mlangoni kabla hata ya kuulizwa swali. Yanayotakiwa ni vyeti halisi, kuanzia vya sekondari hadi vya chuo, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kinachotambulika. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki badala ya cheti. Kwetu tatizo kubwa ni majina. Mtoto kaandikishwa shule ya msingi kwa jina la Fatuma, cheti cha kidato cha nne kinasema Fatma, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo shuleni halikuwahi kuandikwa. Sisi tunajua ni mtu mmoja, lakini msimamizi wa usaili hana njia ya kujua. Majina yakipishana huhitajika hati ya kisheria iliyosajiliwa, na hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Wazazi mlioko hapa, mkirudi nyumbani vitoeni vyeti vya watoto sandukuni mvilinganishe herufi kwa herufi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na hana cheti cha kuzaliwa, aanze kufuatilia RITA sasa, asingoje kuitwa.

La tatu ndilo lililotufanya tuombe nafasi hii. Sisi watu wa Mafia tumelelewa kwa adabu. Mtoto hamkazii mkubwa macho, hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu kwa ufupi. Kujisifu kwetu ni aibu. Malezi hayo ni mazuri na hatutaki yapotee. Lakini mbele ya meza ya usaili kila mjumbe ana karatasi ya alama. Kijana akiinamisha kichwa na kujibu "ndiyo" na "hapana", mjumbe haandiki kwamba huyu ana heshima. Huandika kwamba hajui, au hajiamini.

Kwa hiyo tuwafundishe vijana wetu kutenganisha mambo mawili. Kujisifu ni kusema, "Mimi ni hodari, mimi ni mchapakazi." Maneno hayo kila mtu anayasema, wala hayaongezi alama. Kueleza ulichofanya si kujisifu, ni kutoa ushahidi. Binti aliyewatunzia kina mama wa mwani daftari la mauzo aseme alikuwa anaandika nini, na hesabu zilipogongana alizisawazisha vipi. Kijana aliyekwenda na baba yake baharini, anayejua maji ya bamvua na maji mafu, anayejua mwamba upi hauendeki upepo ukigeuka, huo ni ujuzi. Akienda kuomba kazi ya kuongoza wageni katika hoteli za Utende, au kazi ndani ya Hifadhi ya Bahari, asiridhike kusema "mimi ni mwenyeji." Aeleze kwamba papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, na namna ya kumkaribia mnyama yule bila kumsumbua. Hapo wenyeji wake umegeuka kuwa sifa ya kazi.

Adabu ibaki palepale. Ingia kwa salamu, ngoja uambiwe ukae, simu iwe imezimwa. Mtazame anayekuuliza, kumtazama mtu kwa utulivu si ujeuri. Sauti isikike hadi mwisho wa meza. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Usilolijua, sema hulijui na utakavyolitafuta, kwa sababu wanaouliza wanaifahamu kazi ile na watakugundua ukibahatisha. Mavazi yawe safi na ya heshima, viatu vya kufunika. Hijabu haimzuii binti yeyote. Iwe nadhifu tu. Na kabla ya siku hiyo soma tangazo la kazi tena, mstari kwa mstari, maana majukumu yaliyoandikwa pale ndimo maswali hutoka.

Jueni pia kwamba usaili wa serikali mara nyingi una hatua zaidi ya moja: mchujo wa kuandika, wakati mwingine wa vitendo, kisha mahojiano. Aliyefaulu akakosa nafasi kwa uchache wake huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa nafasi ikipatikana. Kwa hiyo asiyepangiwa kazi leo asitupe vyeti baharini.

Sasa tunakuja kwenu. Mwaka huu sehemu ya michango tunaiomba iende kwenye mfuko wa usaili. Utafanya mambo matatu. Kwanza, nauli na malazi kwa kijana mwenye barua ya wito ambaye nyumbani hawana. Pili, gharama za kurekebisha majina na kupata cheti cha kuzaliwa. Tatu, mazoezi ya usaili mara mbili kwa mwaka, Kilindoni na Dar es Salaam, ambapo wanachama wetu walioko maofisini watakaa nyuma ya meza na kuwauliza vijana maswali kama wageni, bila huruma ya ujomba.

Asiye na fedha atoe chumba. Mwenye nyumba Mbagala, Temeke au Dodoma, akimpokea kijana kwa siku tatu, amechangia kuliko anavyodhani: kijana aliyelala vizuri na kunywa chai asubuhi hujibu tofauti na aliyekesha stendi. Mwalimu atoe Jumamosi yake, na mwanasheria atoe muhuri wake.

Hatuombi watoto wetu wapendelewe. Tunaomba wasishindwe kwa sababu ya bahari, ya herufi moja kwenye cheti, au ya kimya walichofundishwa na sisi wenyewe kwa nia njema. Wakishindwa, washindwe kwa maswali, na mwakani wajaribu tena.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Haba na haba hujaza kibaba.