Upepo Upimwe Kabla ya Mashine Kununuliwa



Nimeombwa nizungumze juu ya mashine ndogo za upepo za kuzalisha umeme nyumbani. Naanza na fedha, kwa sababu mtumishi anayenunua mashine hiyo aghalabu huinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au kwa kiinua mgongo, na akikosea hana fedha nyingine ya kujaribia. Kosa lenyewe hufanyika dukani, mnunuzi anaposoma kibandiko cha "wati 1,000" akaamini kwamba ndizo atakazozipata kila saa.

Yafaa ieleweke kwamba wati hizo hupimwa katika upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, yaani kama kilomita 40 kwa saa au zaidi. Huo ni upepo wa kutikisa matawi makubwa ya mwembe. Tena nguvu ya upepo haipungui sawasawa na mwendo wake: mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu hubaki sehemu moja tu ya nane. Mwalimu wa hesabu aweza kulionyesha jambo hili ubaoni. Kutoka mita 12 hadi mita 4 ni kugawa kwa 3. Na 3 mara 3 mara 3 ni 27. Basi mashine ya wati 1,000 hutoa wati zisizofika 40 katika upepo wa mita 4, ambao ndio wengi wetu tunao majumbani.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza wati, ulizeni kipenyo cha duara linalochorwa na mapanga yakizunguka. Kipenyo kikiwa mara mbili, upepo unaonaswa huwa mara nne. Mjerumani Albert Betz alikwisha kueleza tangu mwaka 1919 kwamba hakuna mashine ya aina hii iwezayo kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo, na hizi ndogo hupata robo au theluthi. Sasa, duara la kipenyo cha mita 1 hupitiwa na upepo wenye wati 800 na kidogo tu, hata mwendo ukiwa mita 12. Anayewauzia duara hilo kwa jina la wati 1,000 anawauzia kisichowezekana, na sioni sababu ya kumwonea haya.

Mahali nako kuna neno. Singida na Makambako zinajulikana kwa upepo, na huko Marsabit, Kenya, mitambo mikubwa 365 ilizinduliwa mwaka 2019 karibu na Ziwa Turkana. Lakini sifa ya mkoa haiufikii ua wa nyumba iliyozungukwa na miembe. Miti na mapaa huuvuruga upepo, nao upepo uliovurugika huchosha mashine bila kuleta umeme. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mapanga yawe juu kwa mita 9 au 10 kupita kitu chochote kilicho ndani ya mita 150. Kuifunga mashine juu ya paa ni kununua mtikisiko na kelele za usiku. Hapana budi kuwa na mnara, na mara nyingi mnara, nyaya zake na saruji hugharimu kuliko mashine yenyewe.

Hivyo, kabla ya kuomba mkopo, tundikeni kipima upepo kwenye mlingoti mrefu na kuandika vipimo kwa mwaka mzima. Watu wa Pwani wanajua kwamba kusi na kaskazi hupishana, na kati yake kuna maleleji. Wastani ukiwa chini ya mita 4, nunueni paneli za jua. Hazina kitu kinachozunguka wala kulainishwa. Wastani ukizidi mita 5, mashine itasaidiana na paneli hizo, hasa usiku na siku za mawingu.

Na atakayenunua ahakikishe mnara una bawaba chini, ili uweze kulazwa wakati wa matengenezo. Hakuna fundi wa kijijini atakayekubali kupanda mita 18 kubadilisha beringi, wala asiombwe kufanya hivyo.

Sasa nitapokea maswali.