Mimina Pole Pole, Tope Libaki Chini

Mvua ikianza hapa Mukumu, maji ya mto huja na tope. Tutumie mitungi mitatu. Ya leo tuyaache katika wa kwanza, tuufunike. Kesho tuuinamishe pole pole, yaliyo juu yaingie wa pili. Tope likianza kuja, simama hapo hapo, usihurumie kikombe kimoja! Kesho kutwa, hivyo hivyo mpaka wa tatu.

Lakini sisi wenyewe tulikosea zamani. Tulifundisha kumimina, hatukusema mchemshe, na watoto wakaendelea kuhara. Maji meupe bado yaweza kuwa na wadudu. Yachemsheni mpaka yatokote, ama mtie klorini, ambayo hushinda vizuri pasipo tope. Machicha ya chini mwagieni sukuma wiki.